Motere Haina Kosa, Waya Ndiyo Nyembamba

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na vijana mnaotusoma nyumbani, kila siku malori yanapita Kasumbalesa yamebeba katode za shaba. Watu wengi wanaziona zinaondoka, lakini si wengi wanaoulizaka zinaenda kufanya kazi gani. Leo tunazifuata mpaka mahali ambapo pengine hamkuwaza: ndani ya mashua ndogo ya kuloba samaki kule Marekani. Tumechagua mashua hiyo kwa sababu hesabu yake ni fupi, kila mtu anaweza kuifanya kwa kalamu, na tena kwa sababu kosa lile linalofanyika mu mashua ya Mmarekani linafanyika vilevile mu nyumba zetu zenye bateri na panno za jua. Kule linamwacha mvuvi katikati ya ziwa. Huku linaweza kuwasha nyumba watoto wakiwa wamelala.

Kwanza tuseme motere yenyewe ni kitu gani. Marekani kuko maziwa mengi ambamo watu wanaloba kwa ndobo, wengine kwa kutafuta mboga, wengi zaidi kwa kujifurahisha siku ya mapumziko. Nyuma ya mashua kuko motere kubwa ya esansi, ile ya kukimbia. Lakini wakifika mahali pa samaki wanaizima, maana kelele inafukuza samaki. Tena kuko maziwa yanayotoa maji ya kunywa ya mji, na pale motere ya esansi mara nyingi imekatazwa kabisa. Ndipo wanashusha motere ya pili, ndogo, ya umeme: fimbo ndefu, na chini yake kichwa sawa vile chupa chenye helisi. Kichwa kinazama ndani ya maji na kusukuma mashua polepole, kimya kabisa. Motere ya namna hiyo ilitengenezwa mwaka wa 1934 na O.G. Schmidt, mtu wa Fargo, mji wa Dakota ya Kaskazini. Inasimuliwa kwamba alichukua demarere ya gari la Ford Model A, akaifunga helisi. Kampuni iliyotokea hapo iliitwa Minn Kota, jina lililounganishwa kutoka Minnesota na Dakota, majimbo mawili yanayopakana pale. Demarere ya gari, fundi yeyote wa Likasi au Kolwezi anaijua: ukiifungua, ndani ni shaba iliyozungushwa.

Motere hizi zinakula umeme wa bateri. Ile ya volti 12 yenye nguvu inasukuma kwa uzito wa kilo 25 hivi, na ikizungushwa mpaka mwisho inavuta ampere 50. Ampere 50 si mchezo. Wati ni volti mara ampere, kwa hiyo 12 mara 50 ni wati 600.

Sasa shida inaingilia wapi? Mtu ananunua mashua ya zamani. Ilikuwa na motere ndogo, na yule aliyeitengeneza alipitisha waya ya kutosha motere ndogo, kutoka kwa bateri iliyo nyuma mpaka kwa motere iliyo mbele. Mwenye mashua mpya anataka nguvu zaidi. Analeta motere kubwa, anaifunga kwa waya ile ile ya zamani, anaenda ziwani. Asubuhi, maji yakiwa matulivu, inatembea. Saa sita upepo unakuja, anazungusha mpaka mwisho, na motere inanguruma tu bila kuvuta. Anarudi kwa kafi. Jioni anasema motere ni mbaya. Kesho anasema bateri ni mbaya, ananunua ingine, na mambo yanabaki vile vile. Fedha imetoka mara mbili, na mwizi angali ndani ya mashua: ni waya.

Ninyi mnaofanya kazi chini ya udongo mtaelewa upesi kuliko Wamarekani wengi. Waza galeri. Watu hamsini wanapita na magunia kwa galeri pana: wanatembea, wanasalimiana, hakuna anayegusa ukuta. Uwapitishe watu hao hamsini kwa galeri nyembamba, kwa mwendo ule ule. Wanasuguana, wanatoka jasho, na nguvu yao nyingi inaishia humo njiani kabla gunia halijafika juu. Umeme ndani ya shaba unafanya vile. Njia ikiwa nyembamba, sehemu ya nguvu inageuka moto ndani ya waya yenyewe, na motere inapata ile iliyobaki.

Hesabu ni hii. Marekani waya nyingi za mashua za zamani ni za namba 10. Kule wanahesabu kinyume: namba ikishuka, waya inanenepa. Namba 10 ina milimetre mraba 5,3 za shaba. Kutoka bateri mpaka motere ni metre 6, lakini umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo metre ni 12. Watu wengi wanasahauka kuhesabu ile ya kurudi. Chukua 0,0175, ndiyo namba ya shaba, uzidishe kwa metre 12, ugawe kwa 5,3. Unapata 0,04 hivi. Ndiyo uzito ambao waya inaupa umeme njiani, na mafundi wanaupima kwa ohm. Zidisha kwa ampere 50: ni volti 2. Yaani bateri inatoa volti 12, motere inapokea 10. Zile 2 hazikupotea hewani. Mbili mara ampere 50 ni wati 100, na wati 100 ndiyo ile balbu ya zamani ya kioo ambayo haukuweza kuishika kwa mkono. Mvuvi yule alikuwa anawasha balbu nzima ndani ya waya zake, chini ya mbao, mahali hakuna mtu anayeona.

Sasa aondoe waya hiyo na aweke ya namba 4. Ina milimetre mraba 21, ni kusema mara nne ya ile ya kwanza. Kila kitu kinagawanyika kwa nne: volti 2 zinakuwa nusu volti, wati 100 zinakuwa 25. Motere ni ile ile na bateri ni ile ile, lakini mashua inaenda kinyume cha upepo.

Shaba inayoingia hapo ni kiasi gani? Hili ni swali letu sisi watu wa Katanga, Wamarekani hawaliulizi. Metre 12 za waya nyembamba zina shaba zaidi kidogo ya nusu kilo. Zile nene zina kilo 2 na gramu 300 hivi. Kwa mawe yenye shaba 3 kwa mia, kilo 2 na gramu 300 zinaomba kilo karibu 77 za mawe, bila kuhesabu ile inayopotea mu fakitri. Magunia mawili yasiyojaa vizuri, yamebebwa mgongoni na mtu, ndiyo yanayotofautisha mashua inayofika na mashua inayorudi kwa kafi.

Kuko jambo lingine linalotisha zaidi. Moto wa waya haupandi sawasawa na ampere. Ukivuta ampere 25 kwa ile waya nyembamba, moto ni wati 25 tu. Ukivuta 50, yaani mara mbili, moto haukuwi mara mbili, unakuwa mara nne: wati 100. Ndiyo maana waya inaweza kukaa miaka mitatu bila neno, na siku moja ukiongeza kitu kimoja tu, plastiki inaanza kunuka.

Na hapa tunaingia nyumbani kwenu. Wengi wenu mnakaa mahali ambapo kuran ya mji haifiki, ama inafika siku mbili na kukatika siku tano. Mna panno juu ya bati, bateri ya volti 12 mu kona ya nyumba, na konvertisere ya kuwasha televizio na frigo ndogo. Konvertisere ikitoa wati 600, inavuta kwa bateri ampere 50 na zaidi. Ni ampere zile zile za mvuvi wa Marekani! Mkiweka fero ya kupiga pasi ya wati 1000, ni zaidi ya ampere 80. Na kati ya bateri na konvertisere mmeweka waya gani? Mara nyingi ni ya milimetre 2,5, ile ya kupeleka umeme kwa balbu na priz, maana ndiyo ilikuwa karibu. Fanyeni hesabu kwa metre moja na nusu ya kwenda na moja na nusu ya kurudi: volti moja inapotea, na zaidi ya wati 50 zinawaka ndani ya metre 3 tu. Kwa kila metre, waya yenu inapata moto mara mbili ya ule wa mashua tuliyoisema. Plastiki ya waya ya kawaida ya nyumba imetengenezwa kuvumilia digri 70 hivi. Ikipita hapo inalainika, na waya mbili zikigusana, bateri inatoa mamia ya ampere kwa mara moja. Pazia au godoro likiwa karibu, hamtakuwa na wakati wa kutafuta maji.

Waya ya kati ya bateri na konvertisere kama hiyo iwe ya milimetre mraba 16 kwa uchache, na iwe fupi. Ufupi ni dawa ya bure: kusogeza konvertisere karibu na bateri hakuombi hata franka moja.

Turudi kwa mashua, maana unene si yote. Mvuvi anaweza kununua waya nene na bado akashindwa, juu ya viungo. Mafundi wengi wanasokota ncha mbili, wanazungusha skotchi, wanasema imekwisha. Mu mashua maji yanaingia chini ya skotchi, yanapanda kati ya nyuzi za shaba sawa vile mafuta yanavyopanda mu utambi. Baada ya mwaka mmoja ukifungua unakuta rangi ya kijani. Rangi hiyo mnaijua kuliko mtu yeyote duniani: ni ndugu ya malakiti. Shaba ikikaa na hewa na maji inataka kurudia kuwa jiwe, na jiwe halipitishi umeme vizuri. Kwa hiyo waya inayofaa mashua kila uzi wake umepakwa bati jeupe, ile etani inayotoka kwa mawe ya kasiteriti kama ya Manono, kusudi maji yasiguse shaba. Na mwisho wa waya unawekwa kosi ya shaba iliyobanwa kwa pensi ya kazi hiyo, si kwa meno wala kwa nyundo, kisha inafunikwa na mpira unaosinyaa ukipashwa moto. Kiungo kibaya kimoja kinaweza kula volti kuliko metre kumi za waya. Ukitaka kukijua bila chombo, tumikisha motere dakika kumi, uzime, upitishe mkono juu ya viungo polepole, bila kushika kwanza. Kile chenye moto kuliko vingine ndicho kinachoiba.

Halafu fizibu, ama disjonkteri. Watu wanafikiri imewekwa kuchunga motere. Hapana, imewekwa kuchunga waya. Kwa motere ya ampere 50 wanatia disjonkteri ya ampere 60, na wanaitia karibu kabisa na bateri, upande wa chanya. Kanuni za mashua za Marekani zinasema isipite sentimetre 18 hivi kutoka kwa bateri, ila kama waya imepita ndani ya mpira mwingine wa kuichunga. Juu ya nini karibu vile? Kwa sababu waya inayotoka bateri mpaka disjonkteri haina mlinzi. Ikikatwa na mbao yenye msumari hapo katikati, hakuna kitu cha kuzuia. Na unene wa waya na namba ya fizibu vinaenda pamoja. Ukiweka fizibu ya ampere 60 kwa waya ya milimetre 2,5, waya itaanza kuyeyuka na fizibu itakaa inaitazama tu. Zaidi ya hapo, wale wanaoweka kipande cha shaba ama msumari mahali pa fizibu iliyokatika, hao tunawaambia bila kuficha: mmetoa mlinzi mkaweka mwizi.

Siku ya kubadilisha waya, saa na pete zinavuliwa. Pete ikigusa chanya na hasi pamoja inakuwa nyekundu na kuingia mu nyama ya kidole. Kwa bateri, waya ya hasi ndiyo inatolewa kwanza na kurudishwa mwisho. Na bateri ya maji inapochajiwa inatoa hewa inayolipuka, kwa hiyo sigara na mshumaa vikae mbali, na mlango uwe wazi.

Lazima tuseme pia juu ya waya ya uongo, na wachimbaji wa shaba mna haki ya kukasirika hapa. Kuko waya inayouzwa sokoni, hata Ulaya na Marekani, yenye rangi nyekundu nzuri ya shaba, kumbe shaba ni ngozi tu. Ndani ni aluminiyumu. Aluminiyumu inapitisha umeme kwa kiasi cha 6 kwa 10 ukiilinganisha na shaba, na inavunjika upesi ikikunjwa-kunjwa, na mashua inatikisika siku nzima. Mtu amenunua milimetre 21 kwa macho, kwa kazi amepata kama 13 ama 14. Namna ya kuijua: kata ncha, kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona nyeupe ndani, umeibiwa. Lakini angalieni, ile iliyopakwa bati inafanya kinyume, nyeupe iko juu na nyekundu ndani, na hiyo ni nzuri. Namna ingine ni kupima mkononi. Shaba ina uzito mara tatu na zaidi wa aluminiyumu, na mikono yenu haidanganyiki kwa uzito wa shaba.

Wenye fedha zaidi wanapitia njia ingine: wanaunganisha bateri mbili za volti 12 ziwe 24, na kununua motere ya volti 24. Kwa nguvu ile ile, ampere zinashuka nusu, na moto wa waya unashuka mpaka robo. Ni akili nzuri, na ndiyo sababu hata mu mashine kubwa za mgodini wanapandisha volti juu sana. Lakini motere ya 12 haifungwi kwa 24. Itakimbia dakika chache kwa furaha, kisha itaungua.

Na bateri zenyewe zinabadilika. Wavuvi wengi wa kule wanaacha bateri ya risasi wanachukua ya litiyumu, maana ni nyepesi na volti zake hazishuki upesi. Wengine huku wakisikia litiyumu wanawaza kobalti mara moja. Zile zinazotumika sana kwa motere hizi ni za litiyumu, chuma na fosfati, hazina kobalti hata gramu. Tunasema hivyo kusudi mtu asidanganywe mu mazungumzo ya kilabuni. Shaba lakini imebaki: ndani ya kila seli kuko karatasi nyembamba ya shaba inayokusanya umeme, na nje kuko waya ile ile nene. Mukuba, kama wazee wanavyouita, haujapata mtu wa kuchukua nafasi yake hapo.

Baada ya kazi yote mvuvi anapima. Anachukua multimetre, anazungusha motere mpaka mwisho ikiwa ndani ya maji, anapima volti kwa vichwa vya bateri, kisha anapima pale waya inapoingia mu motere. Kupima motere ikiwa imezimwa hakusemi kitu, maana pasipo ampere hakuna kinachopotea, na waya mbovu itaonyesha volti 12 nzima. Tofauti ikiwa nusu volti, amefanya vizuri. Ikiwa moja na nusu ama mbili, kuko kiungo amekisahau. Nyumbani fanyeni vivyo hivyo: konvertisere iwake na televizio na frigo, mpime kwa bateri, mpime kwa konvertisere. Fundi mwenye chombo atamaliza kwa dakika tano, na mko na haki ya kusimama kando yake na kusoma namba kwa macho yenu.

Inabaki waya ya zamani, ile nusu kilo iliyotolewa. Kule Marekani wanaipeleka kwa wanunuzi wa vyuma vya zamani. Huku pia kuko wanunuzi, na tunaona watoto wakiichoma mu kiwanja ili plastiki itoke. Moshi ule una asidi na sumu nyingi, unaingia mu mapafu yao na mu nyumba ya jirani, na tena ni kazi ya hasara: shaba iliyochomwa inatoka nyeusi na mnunuzi anaishusha bei. Ile iliyomenywa kwa kisu, nyekundu na yenye kung'aa, ndiyo anailipa vizuri.